Jina Juu ya Makala: Maadili ya Uchapishaji wa Majarida ya Kisayansi Yanalinda Nini

Mwaka 1969 jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, Physics Education, lilichapisha makala fupi yenye majina mawili. La kwanza lilikuwa la Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisoma katika Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, juu kidogo ya mji wa Moshi. La pili lilikuwa la Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam. Makala ilihusu jambo aliloliona Mpemba mwaka 1963 alipokuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyatia kwenye friji yakiwa bado ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganya mambo na wanafunzi wenzake wakamcheka. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Osborne aliyekuja kutoa mhadhara, naye akaenda kulipima.

Makala ile imegawanyika wazi. Katika sehemu ya kwanza anasimulia Mpemba mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, pamoja na kejeli alizozipata. Katika sehemu ya pili Osborne anaeleza vipimo vya maabara. Msomaji haachwi akibahatisha ni nani aliona, ni nani alipima na ni nani wa kuulizwa kuhusu lipi. Msomi mwenye cheo angeweza kuandika peke yake na kumshukuru mwanafunzi fulani kwenye tanbihi, na sidhani kama kwa desturi za wakati ule kuna ambaye angemlaumu. Kanuni za maadili ya uchapishaji zimeongezeka mno tangu hapo, zina miongozo, fomu na vifupisho vya kuchosha, lakini ukizifuatilia hadi kwenye mzizi utakuta nyingi zinalinda jambo moja: jina linalowekwa juu ya makala ni dhamana, na aliyeliweka amejifunga kujibu kwa kila kilichoandikwa chini yake.

Dhamana hiyo inahitajika kwa sababu msomaji hana namna ya kuhakikisha. Daktari wa hospitali ya wilaya anayesoma kwamba dawa fulani imepunguza vifo hawezi kwenda kuwahesabu wagonjwa upya. Wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978 walianza na jambo dogo la kuoanisha namna ya kuandaa miswada, na kundi lao likakua kuwa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, ambayo mapendekezo yake yanafuatwa leo na majarida mengi duniani. Mwaka 1997 wahariri wa Uingereza walianzisha Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ambayo huwaongoza wahariri hatua kwa hatua pale wanaposhuku udanganyifu. Vyombo hivi havina mamlaka ya kisheria juu ya mtafiti wa Moshi wala wa Tengeru. Nguvu yao yote iko mikononi mwa mhariri anayeweza kukataa makala, kuisahihisha au kuibatilisha, na kutangaza sababu hadharani.

Kwa mujibu wa ICMJE, mtu huhesabiwa kuwa mwandishi anapotimiza masharti manne kwa pamoja. Awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri data; awe ameshiriki kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina; awe ameidhinisha toleo la mwisho; na awe amekubali kuwajibika kwa kazi nzima, ikiwemo kuhakikisha kwamba swali lolote kuhusu usahihi wake linachunguzwa na kupatiwa jibu. Sharti la nne liliongezwa mwaka 2013, nalo ndilo linalouma, kwa kuwa linamnyima mtu nafasi ya kufurahia sifa za makala na kisha kuikana mambo yanapoharibika. Kutafuta fedha, kuwa mkuu wa idara au kusimamia kwa ujumla kundi la watafiti ni michango ya kutajwa kwenye shukrani, si tiketi ya uandishi.

Katika vyuo vyetu kanuni hii ni ngumu kuitekeleza kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Mwanafunzi wa uzamili ambaye hathubutu kumtumia msimamizi wake ujumbe wa simu bila kuanza na "Shikamoo Profesa" atapata wapi ujasiri wa kumwambia mkuu wa idara kwamba jina lake halistahili kuwemo? Tena, kwa kuwa makala zilizochapishwa huhesabiwa wakati wa kupanda cheo, kila jina linaloongezwa ni fadhila inayotarajiwa kurudishwa: leo wewe kwenye yangu, kesho mimi kwenye yako. Tabia hii huvaa joho la adabu, na kwa maoni yangu ndiyo sababu inadumu kuliko wizi wa waziwazi, ambao angalau kila mtu anaujua kuwa ni wizi. Kasoro inapokuja kugundulika, mheshimiwa yuleyule aliyepokea jina bila jasho hujitetea kwamba hata hakuisoma makala.

Upande wa pili wa kosa hilo ni jina lisilowekwa. Moshi na Arusha zina taasisi nyingi zinazofanya utafiti kwa ubia na wageni: hospitali ya KCMC na chuo chake, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kule Tengeru, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori yenye makao yake Arusha. Katika ubia wa namna hii hatari ni kwamba data inakusanywa huku na makala inaandikwa kwingine, kisha masharti yale manne yanageuzwa mlango wa kufungia watu nje, kwa hoja kwamba muuguzi au msaidizi wa utafiti hakuandika rasimu, hivyo si mwandishi. Mapendekezo yaleyale yameliona hilo. Yanasema kwamba masharti hayakuwekwa ili mtu anayestahili anyimwe uandishi kwa kunyimwa nafasi ya kutimiza sharti la pili au la tatu. Kila aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kusoma, kuhakiki na kuidhinisha. Kwa hiyo aliyekusanya data kwa kazi nyepesi ya kufuata maelekezo anaweza kuishia kwenye shukrani kwa haki, lakini aliyetengeneza dodoso, akarekebisha mbinu baada ya majaribio ya awali kushindikana na kuifasiri data kwa kuyajua mazingira, asitumiwe rasimu, amedhulumiwa. Tamko la Cape Town, lililotokana na mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti uliofanyika huko mwaka 2022, limeuweka usawa katika ubia kuwa sehemu ya uadilifu wenyewe, si suala la ukarimu.

Kuna mtu mwingine katika makala ambaye jina lake halipaswi kuonekana kabisa, naye ni mgonjwa. Tamko la Helsinki la mwaka 1964, lililorekebishwa mara ya mwisho mwaka 2024, ndilo msingi wa kanuni kwamba utafiti juu ya binadamu upitiwe kwanza na kamati huru ya maadili. Kwa Tanzania hatua hiyo hupitia kamati za vyuo na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo pia huhitaji iombwe ruhusa kabla ya matokeo kuchapishwa. Majarida hudai namba ya kibali, na mwandishi asiye nayo hurudishiwa mswada wake hata kama matokeo ni mazuri namna gani, kwa sababu kibali hakiwezi kuombwa baada ya damu kuchukuliwa.

Mahali ambapo waandishi wengi wachanga hujikwaa ni kudhani kwamba ridhaa ya kutibiwa, au ya kushiriki utafiti, ni ridhaa ya kuchapishwa. Sivyo. Picha au maelezo yanayoweza kumtambulisha mtu yanahitaji ridhaa ya maandishi inayohusu uchapishaji wenyewe, na ICMJE inasema kwamba kuweka utepe mweusi juu ya macho hakutoshi kumficha mgonjwa. Chukua mfano wa taarifa ya mgonjwa mmoja inayosema kwamba mwanamke wa miaka 34, mwalimu, mkazi wa kijiji fulani cha Marangu, alijifungua watoto walioungana. Jina halipo, lakini kijiji kizima kinamjua, na makala iliyo wazi kwenye intaneti inasomwa na mpwa wake aliyeko Arusha kwa dakika mbili. Katika magonjwa ya ngozi, fani ambayo KCMC ina kituo cha kanda cha mafunzo, picha ndiyo ushahidi wenyewe, kwa hiyo mvutano ni mkubwa zaidi. Picha ya mtu mwenye ualbino pamoja na jina la kata yake, katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa na kuuawa, si suala la faragha peke yake. Umri unaweza kuandikwa kwa makadirio, kijiji kikawa "mkoa wa Kilimanjaro", kazi ikaachwa kabisa ikiwa haina uhusiano na ugonjwa.

Kuhusu data yenyewe, kupika takwimu au kuzichakachua ni kosa ambalo halihitaji ufafanuzi mrefu. Linalohitaji ufafanuzi ni lile la katikati, na simulizi ya Osborne ina mfano wake bora. Alimpa fundi wa maabara kazi ya kupima dai la Mpemba. Fundi akarudi kusema kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, kisha akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Fundi yule hakuwa tapeli. Alikuwa anafanya kile ambacho watafiti wengi hufanya kwa kompyuta leo, yaani kujaribu uchambuzi huu na ule, kuwaondoa washiriki hawa na wale, na kusimama pale tu jibu linapofanana na walilotarajia. Hakuna namba ya uongo hata moja, lakini makala nzima ni uongo, kwa sababu imeficha majaribio yaliyosema vinginevyo. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 majarida ya ICMJE hayachapishi jaribio la tiba ambalo halikusajiliwa hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa: ukishatangaza utapima nini, huwezi kubadili goli baada ya mpira kupigwa. Picha za maabara nazo huchezewa. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake walitangaza kwamba katika makala 20,621 walizozikagua kwa macho, asilimia 3.8 zilikuwa na picha zenye kasoro, kama picha moja kutumiwa kuwakilisha majaribio mawili tofauti.

Wasomaji wengi huamini kwamba haya yote hukamatwa na wahakiki, wale wataalamu wawili au watatu ambao jarida huwatumia mswada kabla ya kuamua. Wahakiki hufanya kazi hiyo bila malipo, usiku au mwisho wa wiki, na husoma kile walicholetewa. Wanaweza kuona kwamba mbinu haifai, kwamba hitimisho limevuka data au kwamba kazi muhimu za awali hazikutajwa. Hawawezi kuona faili ambalo halikuwahi kuwepo.

Mei 22, 2020, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala iliyosema kwamba haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, inaongeza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19, kwa data ya wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake la dawa hiyo. Data ilitoka kwenye kampuni moja, Surgisphere, na miongoni mwa mambo yaliyowashtua wanasayansi waliohoji ni wingi wa rekodi za kielektroniki zenye maelezo ya kina zilizodaiwa kutoka hospitali za Afrika. Yeyote aliyewahi kusubiri faili lake la karatasi litafutwe masjala ya hospitali zetu angeuliza swali hilo bila shahada yoyote. Juni 4 makala ilibatilishwa, kwa sababu waandishi watatu kati ya wanne walikiri kwamba hawawezi tena kuidhamini data ambayo kampuni ilikataa kuikabidhi kwa wakaguzi huru. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha kisa: walikuwa wameweka majina yao juu ya kitu ambacho hawakuwa na uwezo wa kukikagua.

Uhakiki wenyewe pia hughushiwa. Mwaka 2014 kampuni ya SAGE ilibatilisha makala 60 za jarida moja la uhandisi baada ya kugundua mtandao wa anwani bandia za barua pepe, ambapo waandishi walipendekeza wahakiki ambao kumbe ni wao wenyewe. Kuna pia mgongano wa maslahi, ambao si kosa ukitangazwa na ni kosa kubwa ukifichwa. Makala ya daktari wa Uingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyowahusu watoto 12 na kuchochea hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji, haikuwaambia wasomaji kwamba mwandishi alikuwa akilipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Ilibatilishwa mwaka 2010, miaka 12 baada ya kuchapishwa.

Hatari iliyo karibu zaidi na mhadhiri msaidizi wa Arusha, hata hivyo, haitoki The Lancet. Inaingia kwenye simu yake asubuhi. Barua pepe inamwita "Profesa Mashuhuri", inamsifu kwa mchango wake mkubwa katika fani ambayo si yake, inamwahidi kuchapishwa ndani ya siku tano baada ya uhakiki wa kina, na inamkumbusha kwamba punguzo la ada linaisha Ijumaa. Hayo ni majarida ya kitapeli, yanayotoza ada ya mwandishi bila kumpa uhakiki wala uhariri anaolipia. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alituma kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, makala aliyoitunga kwa makusudi ikiwa na makosa ya wazi ya kisayansi. Majarida 157 yaliikubali. Ada peke yake si dalili ya utapeli, kwani majarida ya kweli pia hutoza, na baadhi hutoza pesa za kutisha: Nature lilipoanza ufikiaji huria mwaka 2021 lilitaja euro 9,500 kwa makala moja. Wachapishaji wengi wakubwa husamehe ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, ila kwa kawaida msamaha huombwa wakati wa kuwasilisha mswada, si baada ya ankara kufika.

Ukaguzi wa jarida hauhitaji utaalamu wa ajabu. Orodha ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, huyapima majarida ya ufikiaji huria kabla ya kuyaingiza. Jukwaa la AJOL hukusanya majarida yanayochapishwa Afrika. Na jarida linalojitangaza kuwa mwanachama wa COPE linaweza kutafutwa kwenye orodha ya COPE yenyewe, kwa maana nembo hunakiliwa na yeyote. Inafaa pia kumwandikia mtu mmoja aliyetajwa kwenye bodi ya wahariri na kumuuliza kama anajua kwamba yumo. Mtego mkubwa huja baadaye. Makala ikishapakiwa na jarida la kitapeli, mwandishi akitaka kuiondoa hudaiwa ada nyingine, na akiipeleka kwingine bila kuiondoa anahesabiwa kuwa amechapisha kazi moja mara mbili. Tasnifu ya miaka mitatu inaweza kupotea hivyo.

Wizi wa maandishi unafahamika, na programu za kulinganisha matini zimeurahisisha kuukamata, ingawa asilimia inayotolewa na programu si hukumu: sehemu ya mbinu inaweza kufanana kihalali na makala nyingine, ilhali wazo lililoibwa na kuandikwa upya kwa maneno mengine likapita bila alama. Kuhusu akili mnemba msimamo ulipatikana haraka kuliko kawaida ya fani hii. Mwaka 2023 COPE na ICMJE zote zilisema kwamba programu ya namna hiyo haiwezi kutajwa kama mwandishi, na sababu ni ileile ya sharti la nne: haiwezi kuwajibika. Matumizi yake yatajwe, na makosa yake ni ya mwenye jina.

Kubatilisha makala, hatua inayoogopwa kuliko zote, kumekusudiwa kuwalinda wasomaji na si kuwaadhibu waandishi. Makala haifutwi, hubaki mahali pake ikiwa na alama na tangazo la sababu, ili aliyeitumia ajue. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani, nyingi zikiwa za majarida ya Hindawi yaliyonunuliwa na kampuni ya Wiley, baada ya kubainika kwamba uhakiki wake ulivurugwa na magenge yanayouza makala. Lakini mwandishi mwaminifu aliyegundua kosa lake naye huomba kubatilisha, na tangazo linapaswa kusema hivyo wazi. Kukosea kwa nia njema, au kupingwa, si uvunjaji wa maadili. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo na kusema hawakupata ushahidi wa kuridhisha wa athari iliyopewa jina la Mpemba. Mjadala haujafungwa, na makala ya 1969 haina sababu ya kubatilishwa: ilisema kilichoonekana na namna kilivyopimwa, kwa kiasi cha kumwezesha mwingine kuibishia.

Penye udhaifu mkubwa wa mfumo huu ni pale ugomvi unapokuwa juu ya jina lenyewe. COPE huwaelekeza wahariri wasijifanye mahakama ya waandishi, kwa kuwa mhariri aliyeko ng'ambo hajui nani alifanya nini maabara Tengeru; shauri hurudishwa kwenye taasisi ya wahusika. Ndiyo maana majarida mengi sasa hudai taarifa ya mchango wa kila mwandishi, baadhi yakitumia orodha ya majukumu 14 iitwayo CRediT, na ndiyo maana makubaliano ya nani atakuwa mwandishi na kwa mpangilio gani yanafaa kuandikwa na kutiwa saini kabla dodoso la kwanza halijachapwa. Kwa msaidizi wa utafiti anayeikuta makala mtandaoni bila jina lake njia ni nyembamba. Kuongeza mwandishi baada ya makala kuwasilishwa kunahitaji maelezo na ridhaa iliyosainiwa na waandishi wote, yaani na walewale waliomwacha. Wakikataa, kinachobaki ni uchunguzi wa chuo, na kamati ya chuo itataka kuona daftari la maabara, barua pepe na rasimu zenye tarehe.